Kasoro ya Upande wa Mama

Mheshimiwa Diwani, Mganga Mkuu uliyepanda kutoka mjini, kaka yangu Ahmadi mkuu wa ukoo wetu, Daktari Andrea tunayekuaga leo, na ninyi wengine mliofuata pilau: salaam.

Nimeambiwa nimshukuru daktari kwa niaba ya akina mama wa Kinole. Shule niliishia darasa la pili, ila mdomo ninao. Miaka kumi na minne ametuzalisha, nani hajui? Mimi nitamshukuru kwa lile msilolijua.

Mwanangu Stambuli, yule pale, na mkewe Furaha wana mwaka wa tisa bila mtoto. Nani alimwita Furaha mgumba mbele ya watu kisimani? Mimi. Nani kapeleka posa Ngerengere, ili siku ya Ijumaa Furaha arudishwe kwao na mwingine aingie? Kaka Ahmadi. Keti, kaka, sijamaliza!

Daktari alimwambia Stambuli, "Na wewe upimwe." Siku hizi maabara za watu binafsi zimejaa mjini, mbegu zake zikapelekwa hadi Dar. Jibu likaja kwamba hitilafu iko kwenye mbegu. Ndani yake mna vinasaba vya kuipa nguvu, ambavyo mtu huvirithi kwa mama yake tu, na vikizidi kiasi ni dalili kwamba mbegu hazikukomaa vizuri. Stambuli kaniruhusu niseme.

Nikamuuliza daktari, "Kwa hiyo ni mimi?"

"Hapana, bibi. Ni dalili tu, si kosa lako."

Nikamwambia, "Wewe mtu wa kuja, hutujui!" Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama, na cha mama ni cha ukoo. Shamba la upande wa mama tulilipokea bila kubisha. Na hili tulipokee.

Tena niwaulize: huyo mtoto wa Furaha angekuwa wa ukoo wa nani? Wa kina Furaha! Sasa miaka yote hii tulikuwa tunamdai nini binti wa watu?

Kaka, posa naivunja mimi niliyemzaa Stambuli. Kama umempenda sana yule binti, kamuoe wewe.

Furaha, najua mzigo umeshaufunga. Nilikutukana hadharani, nakuomba radhi hadharani. Kubaki au kwenda utaamua mwenyewe. Ila ukienda, huo mzigo nitajitwika mimi, nivuke mlima hadi Mgeta, nikamwambie mama yako kwa kinywa changu kwamba kasoro ilikuwa kwetu.

Daktari, nenda salama. Nawashukuru mlionisikiliza, hata ninyi mnaotazama chini.