Kompyuta za Wageni

Jamani, mngemwona mwalimu mkuu alivyojikunyata kwenye kiti cha treni! Mama aliyekaa naye, asiyemjua, alikuwa amefunguka. "Kaka, shule ya mwanangu ina kompyuta thelathini. Wageni wakija zinatolewa, watoto wanapigwa picha wakizibonyeza, wala hazijawashwa, kisha zinarudishwa stoo na kufungiwa."

"Labda mkuu anaogopa zitaharibika," akasema mwalimu, jasho likimtiririka shingoni.

"Basi angewafungia na watoto humo, wasichakae. Wangu amechora vitufe kwenye boksi, ndipo anapojifunzia kuchapa."

Mkuu akaubana ufunguo wa stoo hiyo mfukoni, usije ukalia. Treni ikasimama, mama akainuka. "Na wewe kaka, unafanya kazi gani?"

"Nalinda stoo," akajibu akiangalia viatu vyake, na hapo, kusema kweli, hakudanganya.