Bi. Qiu, Mlinzi Aliyegusa Mara Moja

Baada ya kuwaambia watu wasiguse kwa miaka ishirini na saba, Bi. Qiu Suzhen, mlinzi wa Ukumbi wa Pili wa jumba letu la maonyesho, alistaafu rasmi Ijumaa tarehe 31 Mei. Nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, yeye ukumbini, mimi juu kwenye chumba cha kamera. Nilipoombwa kuandika wasifu wake nilikubali upesi, kabla kazi hiyo haijapewa mtu atakayemsifu bila kumtania.

Bi. Qiu alizaliwa katika kijiji cha wasuka mianzi huko Shengzhou. Alipokuwa msichana alifundishwa kusuka na Fundi Xing Baigen, ambaye baada ya miaka miwili alimpasulia ukweli: "Suzhen, binti yangu, vidole vyako vizito kama vya baba yako. Lakini macho! Macho yako hayakosei." Binti akafunga virago, akaja hapa Hangzhou, akaajiriwa kwetu kwa ajili ya macho hayo hayo.

Ukumbi wa Pili ndio wenye viti, na mgeni akiona kiti hukikalia, hata kama kimezungushiwa kamba. Bi. Qiu alikuwa na dawa yao. "Mzee wangu, hicho kimeletwa kutazamwa. Cha kukalia kiko kule karibu na choo." Siku ya kwanza ya Mkurugenzi Gu kazini, kabla hatujamjua kwa sura, alikaa kwenye kimojawapo ili afunge kamba za viatu. Akaelekezwa karibu na choo kama wengine. Mkurugenzi mwenyewe hutusimulia kisa hicho kila mwaka mpya, na kila mwaka kiti kinazidi kuwa kikubwa.

Kila masika, akitoka kijijini kufagia makaburi ya wazee wake kama ilivyo desturi, alituletea machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa chumvi, kisha akasimama kututazama tukila. Ole wako uyabakishe.

Machi mwaka huu tulifungua maonyesho ya ubunifu wa kisasa na kazi za mikono. Katikati ya Ukumbi wa Pili ilitundikwa taa ya mianzi ya mita tatu, imezungushiwa kamba, ukingo wake wa chini ukikaribia sakafu, nyepesi hata ilitikisika mtu akipiga chafya. Kibao cha maelezo kilikuwa na jina moja tu: Tao Yichen, mbunifu, Shanghai.

Siku ya tatu, nusu saa kabla ya kufungua milango, niliona kwenye kamera jambo ambalo sikuliamini. Bi. Qiu alipita chini ya kamba, akachuchumaa, akapitisha vidole kwenye ukingo wa ile taa.

Sheria ni sheria. Nikashuka na daftari la matukio, huku nikiona aibu mimi badala yake.

"Dada Qiu, hata wewe? Wewe?"

"Nimegusa," alisema, wala hakuinuka. "Andika."

Kisha akanionyesha. Kila msukaji hufunga ukingo kwa namna yake. Fundi Xing hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo utepe wake huzunguka kinyume cha wenzake, na ncha yake hujificha chini ya mzunguko wa tatu.

"Hii ni kazi ya mzee," alisema. "Ana miaka themanini na miwili, macho yanamwishia, na jina lake halipo hapa. Ukishaandika langu, andika na lake."

Nikaandika yote mawili. Karipio liliingia kwenye faili lake, la kwanza na la pekee, naye hakulipinga. Alitaka kitu kimoja: jina la Fundi Xing liwe pale kabla ya tarehe 31 Mei, kwa kuwa siku hiyo taa ingeshushwa, na yeye angeondoka. Msimamizi wa maonyesho alijibu kwamba vibao vilishachapishwa. Basi kila asubuhi Bi. Qiu alimngoja mlangoni na chupa yake ya chai, asidai lolote, akimsalimu tu kwa heshima. Wiki ya tano msimamizi alisalimu amri na kumpigia simu Tao. Kijana wa watu aliona haya kwelikweli. Alikuwa ameagiza taa kwenye karakana, karakana ikapeleka kazi kijijini, naye hakuwahi kuuliza ni nani aliyeisuka. Alikuja mwenyewe kutoka Shanghai, kibao kipya mkononi.

Siku ya mwisho Fundi Xing aliwasili kwa basi, amevaa viatu vipya. Bi. Qiu aliomba ruhusa ya nusu saa, akavua koti la kazi, akaingia naye kwa mlango wa mbele, mlango ambao hakuwahi kuutumia tangu aajiriwe. Akamsomea kibao: "Mbunifu, Tao Yichen. Msukaji, Xing Baigen." Mzee akamwambia arudie. Akarudia.

Ndipo mzee, kama yuko karakanani kwake, alipovuka kamba, akaupapasa ukingo polepole mpaka akaifikia ile ncha. Waliokuwa karibu wanasema alinung'unika, "Hapa nililegeza kidogo."

Ukumbi mzima ukamgeukia Bi. Qiu. Yeye akageukia dirisha, akawa anahesabu magari.

Mimi juu nilikuwa na daftari mbele yangu na kalamu mkononi. Nilifurahi hata machozi yakanitoka, na sikuandika kitu.

Dada Qiu, ahsante kwa macho yako, kwa machipukizi, na kwa kutufundisha kuuliza ni nani aliyesuka. Wenzako tunakuombea afya, furaha na usingizi mrefu wa asubuhi. Urudi kututembelea, tena kwa mlango wa mbele. Mikono tu, tafadhali, uiweke mfukoni.