Apolonia Nabeiko, Mpika Sabuni wa Kovinau (1962–2025)

Tunayemlaza leo katika ardhi ya ukoo wa mama yake ni Apolonia Nabeiko, aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1962 hapa Kovinau, milimani katika kisiwa cha Bougainville, wa pili kati ya mabinti watatu. Dada yake mkubwa alikuwa Klementina, na mdogo wao ni Yosefina, mama yangu mzazi. Kwa hiyo huyu naye ni mama yangu, na mkisikia najisifu mtanivumilia.

Alisoma kwa masista wa misheni, pwani, kuanzia 1970 hadi 1977. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kazi za mikono hakuwa na mpinzani. Huko sista mmoja aliwafundisha wasichana kupika sabuni: majivu ya makumbi ya nazi huchujwa kwa maji, maji hayo huchemshwa mpaka yai la kuku lielee juu yake, kisha hupikwa pamoja na mafuta ya nazi. Mwaka 1979 aliajiriwa kufua mashuka ya hospitali mjini, akayafua miaka kumi. Mwenyewe alisema shuka lake ukilitazama juani lazima ufumbe jicho.

Kisha vita vikaja na kisiwa kikafungwa, meli zikazuiwa kufika. Hapakuingia dawa wala kipande cha sabuni. Februari 1991 Klementina alijifungua msituni, katika kibanda kilichoitwa kliniki, kwa mikono ya muuguzi aliyenawa maji matupu. Homa ya uzazi ilimchukua siku ya nane. Miezi michache baadaye Apolonia akasikia kwamba Yosefina naye ana mimba.

"Wawili? Thubutu!" alisema. "Huyu hachukuliwi."

Akawasha moto. Tatizo likawa yai. Kuku wote wa Kovinau walikuwa wameshaliwa, basi akatumia yai la yule ndege wa porini anayefukia mayai mchangani. Yai lile ni zito. Alichemsha maji ya majivu siku mbili, nalo likigoma kuelea, na yeye akizidi kuchochea. Maji yakawa makali kupita kiasi. Wa kwanza kunawa sabuni hiyo alikuwa katekista Damien Torevi, kijana wa bonde la pili, na mikono ilimchubuka hata akashindwa kushika kitabu cha sala.

"Dada, ulitaka kuninawisha au kunichuna?"

"Pole, kaka. Lakini madoa si yametoka?"

"Yametoka, na ngozi imeyasindikiza!"

Watu walicheka, ila muuguzi aliapa hatagusa sabuni ile, na Yosefina alishafika miezi saba. Apolonia aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu. Damien ndiye aliyeondoka bila kuaga. Alitembea siku tatu, mikono imefungwa majani, akarudi na kuku jike kwapani.

"Huyu haliwi," akatangaza, "mpaka atage!"

Wazee wenye njaa walimtazama yule kuku kwa huzuni kubwa. Siku ya nne akataga. Apolonia akapika upya, yai likaelea mapema, na sabuni ikatoka laini kama uji mzito. Akanawa yeye kwanza, hadi viwikoni, mbele ya muuguzi, akakaa nayo hadi kesho yake. Ngozi ikabaki salama. Muuguzi akakubali, na tarehe 9 Januari 1992 Yosefina alijifungua bila homa.

Apolonia alifunga ndoa na Damien tarehe 19 Juni 1993. Watani husema hadi leo kwamba mshenga alikuwa kuku. Walijaliwa mabinti wawili, Bernadeta na Ludwina. Amani iliporudi aliwafundisha akina mama wa mabonde yote kazi yake. Vijana wakimwambia dukani zipo sabuni za manukato, alijibu, "Chekeni. Meli zikigoma tena mtanijua."

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Hata kitandani aliendelea kukagua kucha za wageni kabla hawajamwamkia. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, Damien akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mdogo wake Yosefina na wajukuu watano. Karatasi mliyoshika inaishia hapo, lakini orodha haijatimia. Tangu sabuni ile hadi barabara zilipofunguliwa, katika kibanda kile walizaliwa watoto thelathini na saba, na homa haikumchukua mama hata mmoja. Apolonia aliwahesabu wote kuwa wake. Waliopo hapa wasimame, na mama zao wasimame nao. Wa kwanza ni mimi, nimekwisha kusimama.

Pumzika kwa amani, Mama. Tupo.