Ile "Ee" ya Mzee Parsaoti

Muthoki, na wewe Munguti, sogezeni viti na mzime simu, maana sauti yangu iliyokuwa ikijaza mahakama ya Kajiado sasa haifiki hata mlangoni.

Nyumba hii ya Kitengela ni yenu wote wawili. Ninachohofia ni ukumbi wa nyuma, ambamo mawakili wenye ofisi zao huja kila Jumamosi kujifunza upya namna ya kuhoji shahidi. Nikifa na ninyi hamsemezani, utakuwa stoo ya mahindi.

Munguti, uliacha kuja tangu ile kesi ya mazoezi, jirani yetu Mzee Parsaoti alipokuwa shahidi wetu, ukamuuliza, "Wewe ndiwe uliyehamisha mpaka wa shamba?" Akasema, "Ee," nawe ukaketi ukitabasamu. Dada yako akasimama, akamuuliza mzee: "Baba, hiyo ee ni ya kukubali ama ya kusikia?"

"Ya kusikia, mtoto wangu. Sisi Wamaasai mtu akiongea tunamwitikia. Huyu alikimbilia kiti kabla sijajibu."

Watu walicheka, na wewe, Muthoki, ukamwita ndugu yako "wakili wa ee" mpaka kwenye harusi ya binamu yenu Nzomo. Jina hilo likome leo.

Hamjui kwamba mwezi uliopita nilienda Kajiado na fimbo yangu, nikaketi benchi la nyuma. Wakili wa upande mwingine alimuuliza mama mmoja, mteja wako Munguti, kama aliuza ng'ombe wa marehemu. Mama akasema, "Ee," na hakimu akashika kalamu aandike. Ukasimama polepole, mwanangu, ukasema, "Mheshimiwa, shahidi bado hajajibu. Naomba tumngoje." Hakimu akaiweka kalamu chini, na mama akasema, "Swali nimelisikia. Sikuuza."

Nimefundisha mawakili kutoka Namanga mpaka Nkoroi, lakini siku ile ndipo nilipojiona mwalimu. Nilitoka nje nikalia, askari wa mlangoni akadhani nimeshindwa kesi.

Basi ukumbi msiuuze. Muthoki, fundisha kuuliza. Munguti, fundisha kungoja jibu. Joho langu msinizike nalo, livaeni kwa zamu. Jumamosi hii mawakili wanakuja, na nataka wawakute nyote wawili mbele yao.

Mungu awalinde... awape subira na watu... nipeni maji kidogo. Mmekubali?

Munguti, nimesikia ukisema ee. Ni ya kukubali, mwanangu, ama ya kusikia?

Usiharakishe. Nangoja.