Sifuri ya Bi Lorna

Bi Lorna Vondracek, fundi mkuu wa chumba cha kompyuta cha Idara ya Hisabati, amestaafu tarehe 30 Mei baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Katika muda wote huo hakupata nambari tasa kubwa hata moja. Mwenyewe ameomba hilo liandikwe mapema, tusije tukalizungukazunguka.

Alianza kwa kupangusa mashine na kuwafukuza wanafunzi waliokuja kucheza michezo. Baadaye, alipoona kompyuta zinakaa bure kila wikendi, alijiunga na kundi la wapimaji wa nambari. Wao huzidisha mbili kwa mbili mara mamilioni, hutoa moja, kisha huuliza kama jibu ni tasa. Kipimo ni rahisi kukieleza na kinachosha kukifanya: anza na nne, izidishe kwa yenyewe, toa mbili, gawanya kwa nambari inayopimwa, shika baki, rudia. Baki la mwisho likiwa sifuri, umepata. Bi Lorna alipima nambari 2,116 bila kuiona sifuri hiyo. Alituletea kolache, maandazi yenye plamu ndani, kila Ijumaa na hakununa.

Aprili mwaka huu, mashine ya dirishani ilitoa sifuri, kwa nambari ya tarakimu milioni kumi na saba.

Mkuu wa idara, Profesa Curtis Nygaard, ambaye furaha humpanda haraka, aliagiza keki yenye safu za moja, kwa kuwa katika lugha ya kompyuta nambari hizo huandikwa kwa moja tupu. Alitaka tangazo litolewe kwenye mahafali, Jumamosi ile. Lakini kanuni inadai kipimo kirudiwe kwa mashine nyingine na programu nyingine, na kukirudia huchukua siku tisa.

"Siku tisa, Lorna? Wageni watakuwa wamesharudi makwao!"

"Waende tu, Profesa. Nambari haiendi kokote."

Si kwamba hakuitaka. Aliitaka mno, alikuwa ameshampigia simu dada yake anayeishi Dubuque.

Siku ya tisa baki halikuwa sifuri. Kumbukumbu ya mashine ya dirishani ilikuwa mbovu. Nambari inagawanyika, ingawa hadi leo hakuna ajuaye inagawanyika kwa ngapi. Bi Lorna alilia kidogo, nasi hatukujua tuangalie wapi. Kisha akatuma matokeo kwa jina lake, akasema, "Haya, ileteni hiyo keki kabla haijachacha."

Ahsante, Bi Lorna. Pumzika kwa afya na furaha. Nambari tasa ijayo ataipata mtu mwingine, na ataipata mapema zaidi, kwa kuwa kuna nambari 2,117 ambazo hatahitaji kuzigusa.