Bi. Mok na Maiti Wake Sita

Ijumaa ijayo, tarehe 28 Juni 2024, Bi. Mok Sau-ha atafunga daftari lake na kustaafu, baada ya kuitumikia Kampuni ya Filamu ya Cheung Hing kwa miaka thelathini na sita. Hajawahi kuonekana katika filamu yetu hata moja. Lakini watu aliowaingiza katika filamu hizo wangejaza uwanja wa mpira, na karibu wote anawajua kwa majina.

Alikuja kwetu Juni 1988 akiwa na miaka ishirini na sita, akitokea kiwanda cha maua ya plastiki cha mtaa wa San Po Kong, alikokuwa msimamizi wa zamu. Kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta waigizaji wa ziada: abiria, wapishi, polisi, waombolezaji, yaani wale watu ambao mtazamaji hawaangalii lakini angeshangaa wasipokuwepo. Bi. Mok aliileta nidhamu ya kiwandani. Kila asubuhi alisimama mlangoni na daftari lenye jalada jeusi, akaita majina kamili, na kila mtu akaitika "nipo". Hakuruhusu mwigizaji wa ziada aitwe "wewe" wala "yule mnene". Mwongozaji mmoja aliyezoea kuwapigia watu mluzi alielezwa kwa upole kwamba hawa si mbwa, na kwamba akitaka mbwa aseme mapema, naye atamtafutia.

Vijana walioajiriwa karibuni huenda wameona alama nyekundu kando ya baadhi ya majina daftarini wasijue maana yake. Ni hivi. Kwetu, mtu aliyeigiza kufa mbele ya kamera hupewa bahasha nyekundu yenye pesa kidogo kabla hajaondoka. Pesa yenyewe haitoshi hata chai na mkate. Kazi yake ni kuondoa mkosi: ukishaipokea, kile kifo cha uongo kimelipwa na kimebaki studio. Wakongwe huongeza sharti moja, kwamba aliyekwisha kuipokea asidai kitu kingine mahali hapo, maana atakuwa anakiita kifo kimfuate. Kila alama nyekundu ni mtu aliyekufa na kupewa bahasha yake. Kwa miaka mingi Bi. Mok alizinunua bahasha hizo kwa pesa zake mwenyewe, akisema hawezi kulala akijua kuna mtu amekwenda nyumbani na kifo chake mfukoni.

Nimeanza na maelezo hayo ili kisa cha mwaka 1991 kieleweke, kwa kuwa kila mtu hukisimulia na wengi hukikosea.

Mwaka huo tulikuwa tunatengeneza "Mabosi wa Santuri", kichekesho kuhusu genge la wahalifu lililorithi kampuni ya muziki na kugundua kwamba unaweza kumtisha mwenye duka akaweka santuri yako dirishani, lakini huwezi kumtisha mtu akaipenda. Filamu zetu mbili za kabla yake zilikuwa zimeanguka. Mwenye kampuni, marehemu Bwana Szeto, alitueleza wazi kwamba hii ya tatu ikikwama, watu arobaini na watatu watakosa kazi. Jambo ambalo hakutueleza ni kwamba Jumatatu ya wiki ya kisa hiki genge la kweli la mtaani lilikuwa limempigia simu: alipe, au watakuja kuchukua mikanda yote iliyokwisha kupigwa. Mikanda hiyo, jasho la siku thelathini, ilikuwa ndani ya sanduku la chuma nyuma ya chumba cha mavazi.

Alhamisi asubuhi ilinyesha mvua ya kufunga barabara. Bi. Mok alikuwa anawangoja matarishi wanane wastaafu wa posta, wacheze genge pinzani linalovamia chumba cha kurekodia na kupigwa risasi, kila mmoja akianguka kwa mdundo wa ngoma. Saa mbili na nusu wakaingia wanaume sita, mashati ya maua yamelowa chapachapa.

Bi. Mok akatazama saa ya ukutani. Aliwaambia wamechelewa nusu saa, kwamba wenzao wawili hawaonekani, na kwamba mashati yanafaa lakini mwendo haufai: jambazi hutembea kama mtu anayengojwa na mtaa mzima, siyo kama mtu anayetafuta choo. Kiongozi wao, mtu mnene mwenye jino la dhahabu, akafungua mdomo aseme. Bi. Mok akamrushia taulo ajifute kichwa. Yule bwana alikiri baadaye kwamba hakuna aliyewahi kumsemesha vile tangu mama yake alipokuwa akimpeleka shule.

Kisha Bi. Mok akamshika mkono. Joka lililochorwa pale, alisema, limechorwa ovyo, litaonekana vibaya kwenye kamera. Akachukua kitambaa chenye mafuta ya kuondolea rangi, akasugua. Joka halikutoka. Akasugua tena.

Hapo mkono wake ukasimama, kwa muda wa pumzi moja hivi. Sisi tuliokuwa karibu tuliona ni chale ya kweli, si rangi. Naye akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Basi hili liache, kaka. Linafaa." Akafungua daftari. "Poon Kwok-wai?"

Yule mwenye jino la dhahabu akawatazama wenzake, akatazama kalamu iliyokuwa inamngoja.

"Nipo," akasema.

Wengine watano nao wakaitikia majina ya matarishi, mmoja baada ya mwingine. Miaka mingi baadaye, tukimenya machungwa chumba cha mavazi, Bi. Mok alieleza kwa nini hakukimbia. Alisema aliona kwamba akiacha kusoma majina, wale watu watakumbuka walichokuja kufanya.

Walikufa mara tatu asubuhi ile. Mara ya kwanza kiongozi alianguka kabla ya ngoma. Mara ya pili alianguka vizuri, ila akafungua jicho moja kuangalia kama wenzake wameanguka vizuri. Mara ya tatu mwongozaji aliridhika, lakini marehemu mwenyewe akaomba irudiwe. Wakati huo matarishi wa kweli walikuwa nje mvuani, kwa sababu taa nyekundu ya kupiga picha ikiwaka mlinzi hamfungulii mtu.

Bwana Szeto alifika saa sita, akawakuta wageni wake wanakula wali na nyama ya nguruwe ya kuchoma, vifua vimejaa damu ya rangi, na kila mmoja ana bahasha nyekundu kando ya boksi lake. Akaliona joka mkononi mwa kiongozi, akaelewa ni akina nani. Aliuliza, kwa sauti ya chini, wanataka nini.

Kiongozi aliigeuzageuza bahasha yake, akawatazama wenzake wanavyotafuna.

"Bwana Szeto, mimi hapa nimekufa mara tatu tangu asubuhi," akasema. "Maiti hadai." Kisha akauliza filamu itaonyeshwa lini, maana mama yake anapenda sinema.

Ilionyeshwa Desemba, ikajaza kumbi, na mama yake alikuja mara nne. Mwanawe aliyaacha mambo yale baada ya miaka michache, akafungua kibanda cha vitonge vya samaki. Tangu hapo kila akiitwa huja, na huitika Poon Kwok-wai, kwa sababu Bi. Mok hakumuuliza jina jingine. Ndiyo maana daftarini kuna Poon wa Kwanza, tarishi, na Poon wa Pili. Wote watakuwa meza ya tatu Ijumaa, na tafadhali msiwaulize nani ni nani.

Kuna mengi mengine. Mwaka 2003, homa ya mapafu ilipoufunga mji na kazi ikasimama, Bi. Mok alilipitia daftari zima kwa simu, jina kwa jina, akiuliza kila mtu kama ana dawa na mchele. Amewafundisha kazi wasaidizi kumi na wanne. Uimbaji wake tutausahau kwa hiari.

Poon wa Pili ameomba jambo moja tu katika karamu: aite majina yeye. Amefanya mazoezi kibandani wiki nzima. Mwisho wa orodha ataita jina ambalo halijawahi kuandikwa mle kwa miaka thelathini na sita, na kando yake hakutakuwa na alama nyekundu.

Dada Mok, asante kwa kutujua kwa majina. Pumzika vyema, ule ushibe, uishi miaka mingi yenye furaha. Na Ijumaa ukisikia "Mok Sau-ha", itika kwa nguvu. Sote tutakuwa tumenyamaza tukikusikiliza.