Oddvar Kvalnes, Nahodha Asiyeacha Mtu Gatini

Marehemu Oddvar Kvalnes alizaliwa Melbu tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa mzee Peder na mama Jorunn. Alisoma shule ya hapa hapa Melbu, kisha chuo cha ubaharia Bodø, akahitimu mwaka 1972.

Tangu hapo hadi alipostaafu alifanya kazi kwenye feri ya Melbu na Fiskebøl, miaka mingi akiwa nahodha. Akiona mtu anakimbia barabarani, alishusha lango tena. Abiria wakinung'unika, aliwajibu, "Kesho utakuwa wewe, bwana."

Mwaka 1978 alifunga ndoa na Torunn. Mungu akawajalia binti mmoja, Sunniva, aliyekuwa mboni ya jicho lake.

Alistaafu mwaka 2013. Wenzake walirudi kuvua. Yeye alijaza mashine za kompyuta katika ghala lake la samaki, akachimba sarafu za mtandao pamoja na binti yake. Kazi yenyewe, alivyotueleza Sunniva, ni kukusanya malipo ya watu, kuyafunga fungu moja na kulituma duniani kote. Kila malipo humwachia mchimbaji ada. Lakini fungu nene husafiri polepole, na mtandao wetu ulikuwa wa kujikokota. La mwenzako likitangulia, lako hutupwa na ada zake hupotea. Ndiyo maana wachimbaji huwaacha wenye ada ndogo, nao hulazimika kuongeza ada ili wabebwe. Oddvar hakumwacha mtu, alijaza pomoni.

Fungu la pili lilipotupwa, Sunniva alifoka, "Baba, hii si feri! Wa ada ndogo watapanda fungu lijalo."

"Nimewaona wanakimbia, halafu niwaache?"

"Basi zama nao!"

"Toka ghalani mwangu!"

Sunniva akahamia Svolvær, ng'ambo ya maji, wakanuniana miaka. Kaka yangu Oddvar alikuwa na moyo mwema na kichwa kigumu, na nilimpenda kwa vyote viwili. Mashine alizizima. Akaanza kuandika ujumbe wa kumwomba binti yake radhi, kila siku akiongeza neno, asiutume.

Septemba 2023 ugonjwa wa mapafu ulimzidi, akalazwa Stokmarknes. Torunn alipomwona bado anaongeza maneno kwenye ujumbe ule, akamwuliza, "Bado unapakia tu?"

"Kuna jambo moja limebaki."

"Futa yote, mume wangu. Tuma jepesi lifike."

Akatuma: "Ulisema kweli. Njoo."

Sunniva alifika Fiskebøl lango la feri likiwa limeshapandishwa. Nahodha Håkon, aliyefundishwa kazi na Oddvar, alimwona akikimbia. Akalishusha.

Baba na binti walikunywa kahawa pamoja jioni ile, wakacheka, wakalia. Oddvar alifariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2023, Sunniva akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane Torunn, binti Sunniva, mjukuu Jostein, na dada yake Aslaug, ndimi ninayesoma haya.

Mungu ampumzishe kwa amani. Nasi tukija mbio, kaka, utushushie lango.